Kanoni Apolo Kivebulaya

Katika jubilii hii sisi wanakwaya wa Migori na Homa Bay tumependa kumkumbuka mtumishi kutoka kwa majirani zetu wa Uganda. Wengi wetu tunajua uchungu wa kunyoshewa kidole, hata matangani.

Apolo alibatizwa mwaka 1895. Kivebulaya lilikuwa jina la utani, yaani kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya mavazi yake. Hakulikataa, na ndilo tunalomjua nalo.

Mwaka 1896 alifika Mboga, ambayo leo iko Kongo. Chifu Tabaro hakupenda mahubiri yake. Apolo alinyimwa chakula, akapigwa, nyumba yake ikachomwa. Kisha mtu wa jamaa ya chifu akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa, akapelekwa hadi gerezani Fort Portal. Mwinjilisti kuitwa muuaji! Katika siku hizo za mateso alimwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo.

Alipoachiliwa angeweza kwenda kwao Buganda, na nani angemlaumu? Lakini alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903, na ukanoni wa Namirembe mwaka 1922. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, ingawa desturi ilikuwa mashariki.