Mfahamu Ambroise Paré, mpasuaji aliyeishiwa mafuta ya moto vitani

Mwaka 1537, askari aliyepigwa risasi aliteseka mara mbili: kwanza risasi, halafu matibabu.

Wapasuaji wa Ulaya waliamini baruti ina sumu, hivyo jeraha lilimiminiwa mafuta yanayochemka ili kuiua. Wala haikuwa imani ya mtaani. Giovanni da Vigo, mpasuaji wa Papa, alikuwa ameiandika kitabuni.

Ambroise Paré, kijana Mfaransa wa miaka ishirini na kitu, aliufuata utaratibu huo alipokwenda na jeshi la Ufaransa kupigana karibu na Turin, Italia. Ilikuwa vita yake ya kwanza. Alikuwa kinyozi-mpasuaji, maana zama hizo vinyozi ndio walioshika visu. Madaktari wasomi waliona kazi ya damu si hadhi yao.

Majeruhi wakawa wengi, mafuta yakaisha. Afanyeje? Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku hakupata usingizi. Alijua asubuhi atakuta maiti.

Alfajiri akawahi kuwaangalia. Kumbe waliopakwa mchanganyiko ule walikuwa wamelala vizuri, maumivu kidogo, majeraha hayajavimba. Wale wa mafuta ya moto walikuwa na homa, uvimbe na maumivu makali.

Kuishiwa mafuta ilikuwa bahati tu, ingemtokea yeyote. Kilichomtofautisha Paré ni kwamba hakuyarudia tena. Mwaka 1545 akachapisha kitabu kuhusu majeraha ya risasi, tena kwa Kifaransa, kwa sababu vinyozi wenzake hawakusoma Kilatini. Yeye pia hakukisoma.

Jaribio gumu zaidi lilikuja baadaye, kwa sababu safari hii alitakiwa kuacha kitu alichokifundisha mwenyewe. Mtu akikatwa mguu, damu ilizuiwa kwa kuchoma kidonda na chuma cha moto. Paré aliwahi kuiandika njia hiyo kama sahihi. Kisha akaanza kufunga mishipa ya damu kwa uzi, akawaandikia wasomaji wake waachane na chuma.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1575 alipokusanya maandishi yake yote, Kitivo cha Tiba cha Paris kilijaribu kuzuia kitabu kisitoke. Kikatoka. Ilimsaidia kwamba alikuwa mpasuaji wa mfalme. Kwa jumla alihudumia wafalme wanne.

Mwaka 1582, akiwa na zaidi ya miaka 70, akazigeukia dawa za matajiri: unga wa maiti kavu za Misri na ule ulioitwa pembe ya nyati mwenye pembe moja. Aliandika kwamba haviponyi chochote. Alifariki Paris mwaka 1590, na wauza dawa wakaendelea kuuza unga wa maiti kwa miaka mingine mingi.