Jeanne d'Arc na Mji wa Orléans

Jeanne d'Arc alizaliwa yapata mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Wakati huo Wafaransa walipigana na Waingereza, na tangu Oktoba 1428 Waingereza walikuwa wameuzingira mji wa Orléans, ulio kando ya mto Loire. Jeanne, akiamini kwamba Mungu amemtuma, alimwendea Charles, mrithi wa ufalme aliyekuwa bado hajatawazwa, akaomba kwenda vitani. Aliingia Orléans tarehe 29 Aprili 1429. Tarehe 7 Mei askari waliishambulia ngome iliyoziba daraja la mji. Jeanne alipigwa mshale karibu na bega, lakini akarudi vitani, na jioni ngome ikatwaliwa. Kesho yake Waingereza wakaondoka. Mwezi wa Julai Charles alitawazwa huko Reims.

Mwaka uliofuata mji wa Compiègne nao ulizingirwa, Jeanne akaenda kuusaidia. Tarehe 23 Mei 1430 alitoka nje kupigana. Daraja la lango likainuliwa kabla hajarudi ndani, naye akatekwa. Akauzwa kwa Waingereza. Mfalme hakumkomboa. Alishtakiwa kwa uzushi mjini Rouen, akahukumiwa, akachomwa moto tarehe 30 Mei 1431. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 1456. Hadi leo watu wa Orléans humkumbuka kila tarehe 8 Mei.

Zoezi: Orodhesha vitenzi vya kauli ya kutendwa vinavyomhusu Jeanne. Je, vingi vimo katika aya ipi, na kwa nini?