Elias Howe na Cherehani

Bila shaka umepata kumwona fundi cherehani akiwa kazini. Ameketi barazani kwa duka. Miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Suruali ya mtoto inakwisha kabla hamjamaliza kuzungumza habari za mvua.

Siku moja inama uitazame sindano yake. Sindano ya mkono ina tundu upande wa juu, mbali na ncha. Sindano ya cherehani ina tundu huku chini, karibu kabisa na ncha. Tofauti hiyo ni ndogo kama punje ya mtama, lakini iliwasumbua watu wengi kwa miaka mingi. Hapa tutasoma maisha ya mmoja wao. Jina lake ni Elias Howe.

Mtoto wa mkulima

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai 1819, katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Alikuwa pia na mashine ya kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao, lakini watoto walikuwa wengi na mali ilikuwa haba. Elias alikuwa kiwete, na mwili wake haukuwa na nguvu. Kazi ya shamba ilimshinda. Alichopenda ni kukaa karibu na mashine za baba yake na kutazama jinsi zinavyokwenda.

Mwaka 1835 alikwenda mji wa Lowell, palipokuwa na viwanda vikubwa vya nguo. Alijifunza ufundi wa mashine. Miaka miwili baadaye biashara ilianguka nchi nzima, viwanda vikafungwa, naye akapoteza kazi. Alihamia Cambridge, kisha Boston. Huko aliajiriwa na fundi mmoja aliyeitwa Ari Davis, aliyetengeneza vyombo vya mabaharia na wataalamu wa sayansi. Katika karakana hiyo ndipo aliposikia watu wakisema kwamba atakayeunda mashine ya kushona atatajirika. Wengine walilisikia neno hilo wakalisahau. Elias hakulisahau.

Waliotangulia

Si kweli kwamba kabla yake hakuna aliyejaribu. Huko Ufaransa, fundi mmoja aitwaye Barthélemy Thimonnier alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1830 kwa mashine yake ya kushona. Alifungua kiwanda mjini Paris cha kushonea sare za askari. Mafundi wa kushona kwa mkono waliona chakula chao kinaondoka mezani. Walikivamia kiwanda na kuzivunja mashine. Huko New York, Walter Hunt naye aliunda mashine miaka ya 1830, na sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha. Lakini Hunt hakuchukua hati, na mashine yake akaiacha ikae. Inasemekana alihofia kuwanyima kazi wanawake waliokuwa wakiishi kwa sindano. Howe alifanya kazi yake bila kujua habari za Hunt.

Kuacha kuiga mkono

Mwaka 1841 Howe alimwoa Elizabeth Ames. Walipata watoto watatu. Mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma, na haukutosha. Elizabeth alishona nguo za watu ili kuongeza fedha za chakula. Elias alirudi jioni akiwa amechoka, akajilaza, akawa anaitazama mikono ya mke wake. Mkono unasukuma sindano, unaivuta upande wa pili, unairudisha. Saa nzima inapita, na mshono ni mfupi tu.

Kwanza alitaka kuunda mashine itakayofanya kama mikono ile. Alichonga sindano yenye ncha mbili na tundu katikati, ipite huku na huku katika kitambaa. Alihangaika nayo kwa muda mrefu, isifae kitu. Mwaka 1844 alipata wazo jingine: kwa nini mashine ishone kama mkono? Kama mshono wa mkono haufai kwa mashine, utafutwe mshono mwingine.

Wapo wasemao kwamba jibu alilipata ndotoni, alipoota askari wenye mikuki iliyotobolewa kwenye ncha. Ni hadithi tamu, na watu wanapenda kuisimulia. Mimi naona usiku mwingi wa kazi ulimsaidia zaidi ya usiku mmoja wa ndoto.

Mshono wenyewe ni huu. Kuna nyuzi mbili. Uzi wa kwanza umo katika tundu la sindano, karibu na ncha. Sindano inatoboa kitambaa na kuuchukua uzi mpaka upande wa pili. Inapoanza kurudi, uzi unalegea na kufanya kitanzi. Hapo kidude kidogo kama mtumbwi, chenye uzi wa pili, kinapita ndani ya kitanzi hicho. Sindano inaporudi, nyuzi mbili zinabanana. Sindano haikupita yote katika kitambaa, wala haikugeuzwa. Katika cherehani za leo, uzi wa pili umo katika bobini, chini ya sindano.

Hata sasa, anayekwenda kununua cherehani hupima mshono huo kwanza. Shona kipande cha kitambaa, kisha kitazame pande zote mbili. Nyuzi zikibanana ndani ya kitambaa, pande zote zitafanana. Ukiona upande mmoja uzi umelala umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, basi uzi mmoja umekazwa kupita mwenzake, na mshono huo utafumuka upesi. Mwambie muuzaji airekebishe mbele yako.

Mashindano ya Boston

Howe hakuwa na fedha za kununua vyuma. Rafiki yake George Fisher, mwuza kuni na makaa, alimkaribisha nyumbani kwake yeye na familia yake, akamkopesha dola 500. Walipatana kwamba faida ikipatikana, nusu itakuwa ya Fisher. Mashine ilishona mshono wake wa kwanza mwaka 1845. Mwaka huo huo Howe aliitumia kushona suti mbili za sufi, moja yake na moja ya Fisher.

Kisha aliipeleka kwenye kiwanda cha nguo mjini Boston. Wanawake watano waliokuwa hodari kuliko wote walipewa kila mmoja mshono mmoja. Howe alipewa mitano. Mashine yake ilipiga mishono midogo 250 kwa dakika. Alimaliza yote mitano kabla yao.

Watu walistaajabu, lakini hakuna aliyenunua. Mashine moja ingegharimu kiasi cha dola 300. Mafundi walihofia kukosa kazi. Na tuseme kweli, mashine yenyewe ilikuwa na kasoro. Kitambaa kilitundikwa wima kwenye bamba lenye vipini. Bamba likifika mwisho, ilibidi kusimama na kukipanga upya. Ilishona mistari iliyonyooka tu.

Tarehe 10 Septemba 1846 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi, yenye namba 4,750. Hati ya namna hiyo humpa mvumbuzi haki kwa miaka kadhaa, ili mtu mwingine asiunde kitu kile bila ruhusa yake. Howe alikuwa na hati, na hakuwa na mkate.

Uingereza na msiba

Ndugu yake, Amasa, alivuka bahari na mashine mpaka London. Huko mtu aliyeitwa William Thomas aliinunua kwa pauni 250, pamoja na haki zake za Uingereza. Akamwita Howe aje amfanyie kazi kwa pauni 3 kwa juma. Howe alikwenda, na familia ikamfuata. Baada ya miezi kadhaa waligombana, na Howe akabaki bila kazi katika nchi ya ugeni. Elizabeth alikuwa ameanza kuugua kifua kikuu. Howe alimrudisha Marekani pamoja na watoto. Yeye mwenyewe aliweka rehani mashine yake ya kwanza na hati yake ili apate nauli.

Alifika New York mwaka 1849 na senti chache mfukoni. Akapata habari kwamba mkewe yu mahututi huko Cambridge. Hakuwa na nauli ya kwenda. Ilibidi angoje mpaka baba yake alipompelekea dola 10. Alimkuta Elizabeth yu hai bado, lakini hakukaa siku nyingi. Howe alikwenda mazishini kwa suti ya kuazima. Mtu aliyeunda mashine ya kushona suti hakuwa na suti ya kumzikia mkewe.

Shauri mahakamani

Alipotazama huku na huku, Howe aliona mashine za kushona zinauzwa madukani. Watu walikuwa wamechukua sindano yake na nyuzi zake mbili. Aliyevuma zaidi ni Isaac Merritt Singer. Jina lake utalikuta limeandikwa kwenye cherehani nyingi hata huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Singer hakuwa mwizi mtupu. Mashine yake, iliyopata hati mwaka 1851, ilikuwa bora kuliko ya Howe. Kitambaa kililazwa juu ya meza, sindano ilisimama wima, mguu wa chuma ulikishika kitambaa, na mshonaji aliweza kufuata kona. Lakini tundu lilikuwa pale pale, karibu na ncha.

Howe aliikomboa mashine yake kutoka rehani, akafungua mashtaka. Singer alijitetea kwa kufufua habari za Walter Hunt. Mahakama haikuukubali utetezi huo, kwa sababu Hunt aliiacha mashine yake bila kuifikisha kwa watu. Mwaka 1854 Howe alishinda, na Singer akamlipa dola 15,000. Mwaka 1856 watengenezaji wakubwa walipatana kuunganisha hati zao. Howe akawa anapata dola 5 kwa kila mashine iliyouzwa nchini, ingawa baadaye kiasi hicho kilipunguzwa. Mwaka huo pia kampuni ya Singer ilianza kuuza kwa mkopo. Mwanamke alilipa kidogo, akachukua mashine nyumbani, akamaliza deni mwezi hata mwezi.

Howe alipata kiasi cha dola milioni 2. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, alijiandikisha mwaka 1862 kuwa askari wa kawaida, bila cheo, akawa mpeleka barua wa kikosi chake. Mishahara ya askari ilipochelewa, aliwalipa wenzake kwa fedha zake. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1867, akiwa na umri wa miaka 48. Muda wa hati yake ulikuwa umekwisha majuma machache tu kabla ya hapo.

Sindano ile ile

Tangu hapo cherehani imebadilika sana. Zipo za mkono, za miguu na za umeme. Mwaka 1990 kampuni ya Janome ya Japani ilitoa cherehani ya nyumbani inayodarizi kwa kompyuta. Kitambaa hubanwa katika fremu. Kompyuta huikumbuka picha ya ua, huisogeza fremu kulia na kushoto, mbele na nyuma, na sindano hushuka mahali panapotakiwa. Mshonaji hubadilisha rangi ya uzi tu.

Ukipelekwa dukani uchague kati ya hizo, mwombe muuzaji azime umeme, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Sindano itashuka. Tundu liko huko chini, karibu na ncha, na bobini inangoja kitanzi.