Marehemu Dk. Walter Rodney, Mwanahistoria wa Wavuja Jasho

Marehemu Dakta Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, mtoto wa fundi cherehani. Mwaka 1966 alipata udaktari wa historia mjini London, kisha akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1968, akiwa mwalimu Jamaica, aliwafuata maskini mitaani Kingston na kuzungumza nao historia ya Afrika. Serikali ikampiga marufuku kuingia nchini. Wanafunzi na wananchi wakaandamana. Mwaka 1969 akarudi Mlimani, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Iko kazi yake nyingine inayotuhusu sisi wa Songea. Pamoja na wenzake alichunguza maisha ya manamba katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Utafiti huo ulichapwa mwaka 1983. Miongoni mwa manamba walikuwa wazee wetu wa Ungoni, waliosukumwa na kodi.

Aliporejea kwao mwaka 1974, serikali ilimnyima kazi chuoni. Hakunyamaza, aliwaunganisha wafanyakazi wenye asili ya Afrika na ya India. Tarehe 13 Juni 1980 aliuawa kwa bomu, akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ilithibitisha kuwa serikali ilihusika.

Ndugu wanafunzi, wa zamani na wa sasa, wazee walioitwa kwa namba walikuwa na majina. Tuyaulize nyumbani, tuyaandike.