Edgar Allan Poe: Bingwa wa vitisho aliyependa mzaha

Linapotajwa jina la Edgar Allan Poe, mwandishi wa Kimarekani aliyefariki dunia mwaka 1849, wengi hukumbuka makaburi, kunguru mweusi na watu waliozikwa wakiwa hai.

Wachache hukumbuka kwamba karibu nusu ya hadithi zake fupi, ambazo kwa jumla ni takriban 70, ziliandikwa ili kuwachekesha wasomaji.

Poe alikuwa mtani, mzushi na mkejeli. Ulimi huo ulimpatia mlo katika siku nyingi za dhiki, na ulimpatia pia maadui waliomwandama hadi kaburini.

Yatima wa waigizaji

Alizaliwa tarehe 19 Januari mwaka 1809 mjini Boston. Wazazi wake wote wawili walikuwa waigizaji wa jukwaani, kazi ambayo siku hizo haikuwa na heshima kubwa wala kipato cha uhakika. Baba aliitoroka familia, na mama, Elizabeth, akafariki dunia mjini Richmond, katika jimbo la Virginia, mwezi Desemba mwaka 1811. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka 3.

Mtoto huyo alichukuliwa na John Allan, mfanyabiashara wa tumbaku, ambaye alimlea na kumsomesha lakini hakumfanya kuwa mwanawe kisheria. Kati ya mwaka 1815 na 1820 familia hiyo iliishi Uingereza, na Poe alisoma katika shule ya bweni huko Stoke Newington, London. Mwaka 1826 alijiunga na Chuo Kikuu cha Virginia, akaondoka kabla ya mwaka kwisha akiwa na madeni ya kamari ambayo mlezi wake alikataa kuyalipa.

Mwaka uliofuata alijiandikisha jeshini kwa jina la uongo, Edgar A. Perry, na kudai kuwa ana umri wa miaka 22, ilhali alikuwa na miaka 18 tu. Baadaye, mwaka 1830, aliingia katika chuo cha kijeshi cha West Point. Huko alijulikana kwa jambo moja: beti za kejeli alizowatungia maofisa, ambazo wanafunzi wenzake walizipokezana kwa vicheko.

Alipofukuzwa mwaka 1831 kwa kuacha kuhudhuria gwaride na masomo kwa makusudi, wenzake zaidi ya 100 walichanga fedha ili kitabu chake cha mashairi kichapishwe. Kila mmoja alitarajia kusoma maofisa wakifanyiwa stihizai. Kitabu kilipotoka kilikuwa na mashairi mazito kuhusu uzuri, malaika na mauti, na hakikuwa na mzaha hata mmoja. Wanafunzi walikasirika sana, na kuna ushahidi wa kutosha katika maisha yake wa kushuku kwamba Poe alijua watakasirika.

Vicheko kabla ya vitisho

Mwaka 1832 gazeti moja la Philadelphia lilichapisha hadithi 5 za Poe, zikiwa za kwanza kabisa kuchapishwa. Nne kati ya hizo zilikuwa za mzaha. Mojawapo inamhusu mwanamume aliyekuwa akimfokea mkewe asubuhi baada ya harusi, mara akapotewa na pumzi, kama mtu anavyopotewa na ufunguo. Anaitafuta kwenye makabati na chini ya samani bila mafanikio. Baadaye ananyongwa, lakini kwa kuwa hana pumzi ya kukatwa, hafi.

Hadithi hiyo ilikuwa ikiyadhihaki majarida ya wakati huo, hasa jarida la Blackwood's la Edinburgh, Scotland, ambalo lilishamiri kwa visa vya watu waliosimulia mateso yao wenyewe hadi dakika ya mwisho. Poe aliyasoma kwa makini, akayaiga kwa dhihaka, na kadiri alivyoiga ndivyo alivyogundua kwamba angeweza kuyafanya vizuri kuliko wenyewe. Kwa hiyo, mwandishi anayetajwa leo kuwa baba wa hadithi za kutisha alijifunza kutisha kwa njia ya kuwacheka watishaji.

Hilo linaonekana wazi katika hadithi mbili pacha za mwaka 1838. Katika ya kwanza, mhariri anamfundisha mwanamke mmoja mwenye majivuno, Psyche Zenobia, jinsi ya kuandika kisa cha kusisimua: apatwe na balaa ambalo hakuna mtu aliyewahi kupatwa nalo, kisha aandike anavyojisikia. Katika ya pili, mwanafunzi huyo mtiifu anachungulia katika tundu la saa kubwa ya mnara wa kanisa, na mshale wa dakika unamshukia shingoni polepole. Macho yanamtoka na kudondoka, kichwa kinakatika, naye anaendelea kutoa taarifa bila wasiwasi huku akijiuliza kati ya kichwa na kiwiliwili ni kipi hasa chenye haki ya kuitwa yeye.

Miaka 4 baadaye Poe alichapisha "The Pit and the Pendulum", hadithi ya mfungwa anayeona wembe mkubwa ukimshukia kifuani taratibu. Wembe ule wa mateso na mshale ule wa saa ni mashine moja. Wasomaji wa hadithi ya wembe hukosa usingizi. Hadithi ya mshale hawajapata hata kuisikia.

Si kila mzaha wake umestahimili umri. Watumishi weusi katika hadithi zake, akiwemo Pompey anayemfuata Zenobia na Jupiter katika "The Gold-Bug" ya mwaka 1843, wamechorwa kama vikaragosi vya kuchekwa kwa rangi na matamshi yao. Poe alikulia Richmond, mji wa watumwa, na hapo kicheko chake kilikuwa kile kile cha mabwana. Msomaji wa leo hana sababu ya kulifumbia macho jambo hilo.

Mhariri mwenye shoka

Kuanzia mwaka 1835 Poe alifanya kazi ya uhariri katika majarida ya Richmond, Philadelphia na New York. Mwaka 1836 alimwoa binamu yake, Virginia Clemm, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Mshahara ulikuwa mdogo, ulevi ulimharibia kazi zaidi ya mara moja, na kitabu chake cha hadithi 25 kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1839 hakikumletea malipo yoyote isipokuwa nakala 20 za bure.

Alichokuwa nacho kwa wingi ni makali. Tahakiki zake ziliwakatakata waandishi waliokuwa wakipendwa na watu, akiwemo mshairi maarufu Henry Longfellow ambaye alimtuhumu kwa wizi wa mawazo. Hata mashujaa wa vita hawakusalimika. Katika hadithi ya mwaka 1839, jenerali mmoja anasifiwa kila mahali kwa umbo lake la kuvutia, lakini msimulizi anapomtembelea nyumbani anakuta furushi sakafuni. Analipiga teke, nalo linazungumza. Mtumishi anakuja kulifunga mguu, mkono, mabega, nywele, meno na jicho, vyote vya bandia, mpaka jenerali anasimama akiwa kamili.

Mwaka 1841 alitoa "The Murders in the Rue Morgue", hadithi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi. Kutokana nayo alizaliwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na kutokana na Holmes wasomaji wa Kiswahili wakampata Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar.

Puto la New York

Mwezi Januari mwaka 1842 Virginia alikuwa akiimba nyumbani alipoanza kutokwa na damu mdomoni. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, uleule uliokuwa kawaida ya nyakati hizo, na ungemchukua miaka 5 kumuua.

Mwezi Aprili mwaka 1844 Poe alihamia New York pamoja na mke huyo mgonjwa, mfukoni akiwa amebakiwa na dola zisizozidi 5. Juma moja baadaye, tarehe 13 Aprili, gazeti la The Sun lilitangaza kwamba watu 8 wamevuka bahari ya Atlantiki kwa puto katika muda wa saa 75 na kutua karibu na Charleston. Taarifa ilikuwa na vipimo, majina ya wasafiri na kumbukumbu za safari. Watu walijazana nje ya ofisi ya gazeti wakigombea nakala.

Habari yote ilitungwa na Poe. Siku mbili baadaye gazeti lilikanusha. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1978 ndipo puto la kweli likavuka bahari hiyo.

Abunuwasi angekitambua kicheko cha namna hiyo: kicheko cha mwenye njaa anayewauzia walioshiba kile hasa wanachotamani kukiamini. Mwaka huohuo Poe alichapisha kisa cha kijana mwenye macho mabovu anayeona haya kuvaa miwani, akampenda mwanamke aliyemwona kwa mbali ukumbini, na kumbe ni bibi wa bibi yake, mwenye umri wa miaka 82.

Shairi la "The Raven", yaani Kunguru, lilimpa umaarufu mkubwa mwezi Januari mwaka 1845, lakini fedha alizolipwa hazikufika dola 20. Virginia alifariki dunia tarehe 30 Januari mwaka 1847, katika nyumba ndogo huko Fordham, nje ya New York.

Katika miaka hiyo ya mwisho mzaha na hofu havikutengana tena. Katika "The Cask of Amontillado" ya mwaka 1846, mtu anayepelekwa kuzikwa hai amevaa kofia ya kengele ya mchekeshaji, jina lake lina maana ya mwenye bahati, na muuaji anaihurumia mafua yake na kumtakia maisha marefu. Mwaka 1849 ilifuata "Hop-Frog", kuhusu mfalme mpenda utani na mbilikimo aliyefugwa ili kumchekesha. Siku mfalme alipomdhalilisha msichana rafiki yake, mbilikimo huyo aliwavisha mfalme na mawaziri wake 7 mavazi ya manyani yaliyopakwa lami, akawafunga minyororo pamoja, akawatundika juu ya ukumbi na kuwachoma moto mbele ya wageni, huku akitangaza kuwa huo ndio utani wake wa mwisho.

Kisasi cha Griswold

Tarehe 3 Oktoba mwaka 1849 Poe alikutwa mjini Baltimore akiwa hajitambui, amevaa nguo ambazo hazikuwa zake. Alifariki dunia hospitalini siku 4 baadaye, akiwa na umri wa miaka 40. Sababu ya kifo chake haijathibitishwa hadi leo.

Maiti ilikuwa imezikwa jana yake tu pale Rufus Griswold, mhariri ambaye Poe alikuwa amemkosoa hadharani, alipochapisha tanzia katika gazeti la New York Tribune kwa jina la bandia. Alimchora marehemu kama mtu wa giza, asiye na rafiki. Kisha Griswold huyohuyo akapata usimamizi wa maandishi yake, na mwaka 1850 akaandika wasifu wenye barua alizozighushi. Ulaghai huo uliwekwa bayana kwa ukamilifu na msomi Arthur Hobson Quinn mwaka 1941, yaani baada ya miaka zaidi ya 90.

Wasifu huo ulichafua jina la Poe, lakini uliuza vitabu. Umma ulimpenda mwendawazimu wa makaburini. Nchini Ufaransa, mshairi Charles Baudelaire alimtafsiri kwa ufundi mkubwa lakini akaziacha nyingi za vichekesho. Nazo zenyewe zilikuwa zimeanza kuzeeka, kwani wahariri na wanasiasa waliochekwa walisahauliwa, na majina yaliyochezewa kwa maneno hayatafsiriki kwa urahisi.

Mazishi yake mwaka 1849 yalihudhuriwa na watu wasiofika 10. Jiwe la kaburi lililoagizwa na jamaa yake lilivunjwa hata kabla ya kusimikwa, baada ya treni kuacha reli na kuingia katika karakana ya mchonga mawe. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mjini Baltimore mwezi Novemba mwaka 1875, kwa michango iliyoanzishwa na walimu na wanafunzi wa mji huo. Bado upo, na tarehe ya kuzaliwa iliyochongwa juu yake ni 20 Januari.