Mtu Mwema wa Dostoevsky

Najua wengine hushangaa nikitaja riwaya madhabahuni, lakini hebu leo nikusimulie habari za Fyodor Dostoevsky, Mrusi aliyejaribu kuandika juu ya mtu anayefanana na Yesu.

Alizaliwa Moscow mwaka wa 1821, mtoto wa daktari wa hospitali ya maskini. Mwaka wa 1849 alishikwa kwa kukaa na kikundi kilichosoma maandishi yaliyokatazwa, akahukumiwa kifo. Desemba wakatolewa uwanjani, St. Petersburg. Watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo. Yeye alikuwa kati ya watatu wanaofuata. Bunduki zimeshainuliwa, ndipo amri ya mfalme ikasomwa: wasiuawe, waende Siberia. Kumbe yote yalikuwa yamepangwa, kuwatisha tu!

Njiani, kule Tobolsk, wake za wafungwa wa zamani wakampa Agano Jipya. Miaka 4 ya kazi ngumu katika jela ya Omsk alilala nalo chini ya mto.

Sasa usidhani alitoka akiwa mtakatifu. Ndugu huyu alicheza kamari mpaka vitu vya mkewe Anna vikawekwa rehani. Mwaka wa 1867 wakakimbilia Ulaya Magharibi kwa sababu ya madeni, naye ana kifafa. Hapo ndipo alipoanza riwaya ambayo jina lake ni kama kusema Mpumbavu. Alimwandikia mpwa wake kwamba hakuna kazi ngumu kuliko hiyo, kwa maana mtu mwema kabisa ni mmoja tu, Kristo.

Mtu wake anaitwa Mwanamfalme Myshkin. Anarudi kutoka matibabu Uswisi na kifurushi kidogo, naye pia ana kifafa. Anazabwa kofi, anamhurumia aliyempiga. Anamwona Nastasya, mwanamke aliyeharibiwa na tajiri tangu usichana, na wakati wengine wanamtaja bei, yeye anaona uchungu usoni mwake. Anabadilishana misalaba na Rogozhin kama ndugu, halafu Rogozhin huyo huyo anamwinulia kisu.

Katikati ya kazi hii, Mei 1868, Dostoevsky alizika mtoto wake Sonya pale Geneva. Alikuwa na miezi 3 hivi. Gazeti lilikuwa linangojea sura zinazofuata, naye akaendelea kuandika.

Na mwisho wenyewe? Nastasya anauawa na Rogozhin. Myshkin anakesha na muuaji, anampapasa kichwa kama mtoto, na kufika asubuhi akili zimemtoka. Anarudishwa Uswisi.

Wako wanaosema kitabu kilimshinda. Mimi naona alikuwa mkweli. Kule Basel alikuwa ameona picha ya Holbein, Kristo amelala kaburini, mwili umeanza kuharibika. Aliikodolea macho mpaka Anna akaogopa kifafa kitampata. Picha hiyo akaitundika ndani ya nyumba ya Rogozhin. Yaani alimpa Myshkin upole wote wa Bwana, na msamaha, na kofi pia, lakini siku ya tatu hakuweza kumpa. Wema bila ufufuo ulimfikisha kitandani pa maiti, ukaishia pale.

Alipokuwa akifa, mwaka wa 1881, alimwomba Anna afungue lile Agano Jipya la Siberia na kumsomea. Kisha akamwachia mwanawe Fyodor.