Sista Ignatia na Walevi wa Akron

Hapa Ilembo, mjini Mpanda, mtu atakaye kulewa hana haja ya kuuliza njia. Lakini atakaye kuacha pombe amwendee nani? Mkewe amechoka, wazee wamekwisha kumwonya, nasi mapadre tumemwekesha ahadi isiyofika hata Dominika ya pili. Kwa ajili ya mtu huyo na jamaa zake twapenda kusimulia leo habari za mtawa mmoja.

Bridget Gavin alizaliwa tarehe 2 Januari 1889 katika wilaya ya Mayo, nchi ya Ireland, akavuka bahari pamoja na wazazi wake mwaka 1896, wakakaa Cleveland huko Marekani. Mwaka 1914 aliingia shirika la Masista wa Upendo wa Mtakatifu Agostino, akaitwa Ignatia. Alifundisha muziki miaka mingi, hata afya yake ikavunjika, mwili na moyo pia. Mwaka 1928 wakubwa wake wakampeleka Akron, katika Hospitali mpya ya Mtakatifu Tomaso, akae mezani akiandikisha wagonjwa. Kazi ndogo kwa mwalimu wa muziki, lakini aliyeshika daftari lile ndiye aliyekuwa bawabu wa hospitali.

Mjini humo alikaa Daktari Robert Smith, mpasuaji, naye mlevi wa siku nyingi. Alikuwa akihudhuria mikutano ya sala ya Waprotestanti walioitwa Kundi la Oxford, lakini chupa hakuiacha. Mwezi wa Mei 1935 akakutana na Bill Wilson wa New York, aliyeacha pombe miezi mitano tu. Wakazungumza saa nyingi. Smith alikwisha kuonywa na wengi. Huyu hakumwonya, alimweleza yaliyompata mwenyewe. Mwezi uliofuata Smith akanywa mara ya mwisho. Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina.

Siku zile hospitali nyingi hazikutaka walevi. Mwezi wa Agosti 1939 Smith alimwomba Sista Ignatia nafasi ya mgonjwa mmoja, naye akamwandikisha kuwa ana ugonjwa wa tumbo. (Wataalamu wa maadili na wabishane, sisi twadhani tumbo lake lilikuwa gonjwa kweli.) Kesho yake mgonjwa akahitaji mahali pa faragha pa kuzungumza na wenzake, na mahali hapakuwapo ila chumba kidogo cha kutengenezea maua. Sista akakisukumia kitanda humo.

Baadaye walipata wodi yao, na taratibu zake zastahili kuangaliwa. Hakupokelewa mtu asiyekuwa na mdhamini, naye mdhamini sharti awe mlevi aliyekwisha kuacha. Alikaa siku chache, kwa kawaida tano, na waliomtazama ni wanachama wenzake tu. Alipotoka, mdhamini alimpeleka mkutanoni. Sista naye alimpa nishani ndogo ya Moyo Mtakatifu, akamwahidisha kuirudisha mkononi mwake kabla ya kuonja tena. Basi mwenye kiu ilimpasa kwanza kufunga safari hadi hospitalini, amkabili mtawa yule mwembamba. Hadi Smith alipofariki mwezi wa Novemba 1950, walikuwa wamehudumia pamoja wagonjwa wapatao 5,000.

Lakini mkutano upi? Hapo palikuwa na shida ambayo Wakatoliki twapaswa kuijua. Mikutano ya Akron ilikuwa bado ndani ya Kundi la Oxford, ambako watu waliungama hadharani, na mapadre wa Cleveland waliwakataza waumini wao. Watu hao hawakuweza kuacha dini yao, wala hawakuthubutu kuacha mkutano, kwa maana nje yake walijua wangelewa tena. Mwezi wa Mei 1939 wakaanzisha mkutano wao Cleveland, nyumbani kwa mwenzao, usiofungamana na dhehebu lolote. Hawakushindana na mapadre, wala hawakurudi kilabuni kwa kisingizio cha mapadre. Walitafuta mahali watakapoweza kusema kweli yote bila kuidhulumu dhamiri.

Wapo watakaosema kwamba sisi tunazo jumuiya ndogo ndogo, zatosha. Twazipenda sana. Lakini mlevi akienda huko amkuta mama mkwe, na katekista, na jirani anayemdai fedha; atasimulia nini mbele yao? Atasali, atanyamaza, atakwenda zake. Wenzake wawili tu walioacha pombe, wakikutana naye chini ya mwembe kila juma, wangesikia mengi zaidi. Na akiona kikundi kimoja hakimfai, si kosa kujaribu kingine. Waliotoka Akron kwenda Cleveland walifanya hivyo.

Mwaka 1952 Sista Ignatia alihamishiwa Cleveland, katika hospitali ya shirika lake. Desemba ya mwaka huo ilifunguliwa humo wodi ya walevi, akaiita Ukumbi wa Rozari. Kwa Kiingereza herufi za mwanzo za jina lake kamili zilikuwa R.H.S., sawasawa na za Robert Holbrook Smith, na Sista alizichagua kwa kusudi. Alifanya kazi humo hata nguvu zikamwishia, akafariki tarehe 1 Aprili 1966.